Mbona Wanamwimbia Dalali wa Mahakama?

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Sinema. Nimeangalia filamu ya Kijerumani ya 1930, Die Drei von der Tankstelle, yaani Watatu wa Kituo cha Petroli. Vijana watatu wamefilisika, dalali wa mahakama kaja kukamata vyombo, nao wanamwimbia! Kisha nikakuta ya Kifaransa: hadithi ileile, msichana yuleyule, ila mpenzi kabadilika. Ipi feki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna feki hapo. Sinema ya sauti ilikuwa bado changa, na kubandika lugha nyingine juu ya midomo ya waigizaji kulikuwa kazi ya kubahatisha. Ufa, kampuni ya Kijerumani iliyoitengeneza, ikaona heri ipige picha upya kwa Kifaransa. Lilian Harvey, huyo msichana wako, mzaliwa wa London, alizimudu lugha zote mbili na Kiingereza juu yake, kwa hiyo akabaki. Mpenzi wa Kijerumani, Willy Fritsch, akampisha Henri Garat kwenye ile ya Kifaransa. Mwaka uliofuata, kwenye filamu ya Der Kongreß tanzt, bibi huyo akaigiza sehemu yake mara tatu kwa lugha tatu. Mashavu yalimuuma, nadhani.

Sasa dalali. Hiyo ni opereta, mchezo mwepesi wa maneno na nyimbo, na humo mtu haombi ruhusa kuimba. Rudi uangalie vile vibandiko ambavyo dalali huvibandika kwenye samani anazokamata. Wajerumani huviita Kuckuck, jina la ndege, kwa kumkejeli tai wa serikali aliyechapwa juu yake. Mwaka ule watu wasio na kazi Ujerumani walihesabika kwa mamilioni, kwa hiyo wengi ukumbini walivijua vibandiko hivyo, tena si kwa kusimuliwa. Ndiyo maana wimbo unachekesha na kuchoma papo hapo. Mtunzi wa muziki, Werner Richard Heymann, alikuwa Myahudi. 1933 akaihama nchi, na 1937 Wanazi wakaipiga filamu marufuku.

Hayo ya kuuza petroli kwa zamu, na wote watatu kumpenda mteja mmoja bila kuambiana, umeyaona mwenyewe.

Mimi napenda mwisho. Wapenzi wamepatana, wanatoka mbele ya pazia, mara wanatuona sisi watazamaji bado tumekaa. Wanashangaa: hawa wanangoja nini tena? Kumbe opereta haijafungwa kiopereta! Pazia linafunguka, wachezaji wanajaa jukwaani. Ulifika hapo, au ulizima mapema?