Mars Attacks! inachekesha, ila vumilia mwanzo

Ndugu yangu, umeuliza kama Mars Attacks!, filamu ya Tim Burton (1996) ya viumbe wa Mirihi wanaoivamia dunia, yafaa kutazamwa na nyumba nzima. Sisi tuliitazama hapa Lamu, kwa shangazi, na mwanzo nusura tulale. Wahusika tele: rais, bondia mstaafu, wanahabari, tajiri wa Las Vegas. Hujamzoea huyu, ushaletewa mwingine. Mwigizaji Jack Nicholson kapewa nafasi mbili, na ile ya pili kwangu haikuongeza kitu.

Lakini wale viumbe wa Mirihi! Bongo nje, macho yamewatoka, lugha yao "ak ak" tu. Mashine yao yatangaza "msikimbie, sisi ni rafiki zenu", na huku wanawachoma watu ovyo. Mjomba alicheka hadi kofia ikamdondoka. Na kinachowamaliza si mabomu, ni wimbo wa zamani wa mwimbaji Slim Whitman anaousikiliza bibi kizee. Vichwa vyapasukia ndani ya kofia za kioo. Hapo ndipo iliponipata.

Watoto wadogo walale kwanza. Watu hubaki mifupa mitupu, myekundu na ya kijani, na kuna mwanamke anayebandikwa kichwa chake kwenye mwili wa mbwa. Wa kwetu, miaka sita, aliniuliza habari za mbwa huyo wiki nzima.