Kusoma kwa masikio njiani: inaleta krediti, au ni kumaliza betri tu?

Ndugu, umesema unakaa Ruashi, hapa Lubumbashi, unafanya kazi Kipushi, jioni unafuata masomo ya uchumi, na kuna mtu amekuambia kwamba Marekani watu wanapata krediti za chuo kwa kusikiliza masomo garini. Unataka kujua kama nawe unaweza. Mimi ni deklaranti wa forodha (naandaa hati za mizigo) Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nyumba yangu iko Katuba, hapa hapa Lubumbashi, na lisansi yangu (digrii ya kwanza) ya uhasibu niliisoma nikiwa kazini, sehemu yake nzuri nikiwa ndani ya Hiace kwenye barabara ya kwenda mpakani. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: hawa wanasema inawezekana kabisa, wale wanasema ni ndoto. Naona pande zote mbili hazijakaa na kalamu kupiga hesabu.

Kwanza hiyo ya Marekani. Ipo kweli, ila umesimuliwa nusu. Kuna mitihani inayoitwa CLEP, ya College Board, iliyoanza mwaka 1967. Mtu anajisomea anavyotaka, kwa kitabu, kwa video, kwa sauti akiwa njiani, hakuna anayemuuliza. Halafu anakaa mbele ya kompyuta, mtihani mmoja unachukua kama saa moja na nusu, alama zinahesabiwa kuanzia 20 hadi 80, na vyuo vingi vinavyoutambua vinatoa krediti ukifika 50. Kila chuo kinajiamulia kinakubali mtihani gani na kwa krediti ngapi. Kwa hiyo hata huko hakuna anayepewa krediti kwa kuwa amesikiliza. Anapewa kwa kuwa amejibu.

Kwetu Kongo krediti inapita mikononi mwa mwalimu wa kozi: interro (majaribio mafupi ya darasani), kazi za kufanya nyumbani, mtihani wa mwisho. Tangu tuingie kwenye LMD (mfumo wa lisansi, masta na udaktari), mwaka ni krediti 60, lisansi ni 180, na krediti ulizozipata zinabaki zako. Simu yako haitakuondolea hata interro moja. Inaweza tu kukufikisha kwenye interro ukiwa umejiandaa.

Sasa hesabu. Krediti moja inachukuliwa kuwa kama saa 25 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za peke yake zikiwa pamoja. Muhula una krediti 30, maana yake saa 750. Chukua safari yako: kutoka Ruashi hadi mjini, kubadili gari, kungoja lijae, kisha kilomita 30 hivi za Kipushi. Tuseme humo asubuhi unapata saa moja ambayo kichwa kinafanya kazi kweli. Kwa siku tano ni saa 5. Kwa wiki 15 za muhula ni saa 75. Ni sehemu ya kumi ya kazi yote, krediti 3 kati ya 30. Anayedai atamaliza mwaka kwa kusikiliza tu hajapiga hesabu hiyo. Na anayesema ni bure naye hajaipiga, kwa sababu sisi tunaofanya kazi, ni wangapi tunakaa na silabusi (maandishi ya kozi) nyumbani saa 75 kwa muhula, watoto wakiwa macho na umeme ukiwa umekatika?

Kwa hiyo saa unazo. Kazi ni kujua uzijaze nini, na hapo ndipo wengi wanapotea. Wanaweka simu juu ya meza ya mbele, wanarekodi profesa saa mbili nzima, kesho yake wanairudia ndani ya basi. Utasikia viti vinavutwa, mlango unafungwa, profesa anageukia ubao sauti inapotea, na kila baada ya dakika mbili "tunaelewana?" na darasa zima linaitika ndiyo. Hata ingekuwa safi kama redio, bado ningekukataza. Kurudia kusikia jambo kunakufanya ulizoee, na jambo ulilolizoea unadhani unalijua.

Hili si langu peke yangu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Roediger na Karpicke, walitoa majaribio waliyowafanyia wanafunzi. Wengine walisoma andiko fupi kisha wakalisoma tena. Wengine walilisoma, kisha wakalifunga na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walishinda. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojilazimisha kukumbuka ndio walioshinda, tena kwa tofauti kubwa. Mtihani wetu hauji baada ya dakika tano.

Basi rekodi yako iwe ya kukuuliza. Hilo ndilo jibu langu lote, yanayofuata ni namna ya kulifanya. Kaa na silabusi mwisho wa juma, fungua kinasa sauti cha simu, na usirekodi sura nzima ya silabusi. Rekodi swali, kisha nyamaza, kisha jibu. Kimya hicho ndicho somo. Kiwe kirefu kiasi cha kukuudhi, pumzi nne au tano za polepole, maana ukikifanya kifupi utalisubiri jibu badala ya kulitafuta.

Nikupe mfano wa kozi yangu. Swali: "Duka limenunua bidhaa za kuuza, bei bila kodi ni franka 1,000,000, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ni 16%, halijalipa. Andika kwenye jurnali." Kimya. Hapo njiani, macho yako kwenye malori ya shaba yaliyojipanga, unatafuta mwenyewe: akaunti 601 (manunuzi ya bidhaa) debi, yaani kushoto, milioni 1; 4452 (TVA ya manunuzi) debi, 160,000; 401 (deni kwa muuzaji) kredi, yaani kulia, 1,160,000. Kisha sauti yako inakujibu, na inaongeza sentensi moja ya sababu: hiyo 160,000 si gharama ya duka, ni pesa ambayo duka litaidai kwa Serikali, ndiyo maana haikuingia kwenye 601. Swali linalofuata: "Je, ingekuwa mashine ya kutumia ndani ya duka?" Kimya. Utaona kwamba TVA nayo inahama, inakwenda 4451, kwa sababu sasa ni mali ya kudumu. Kwa mtindo huo plani yote ya hesabu za OHADA (kanuni za biashara ambazo nchi yetu inazitumia pamoja na nchi nyingine za Afrika), kuanzia kundi la akaunti la 1 hadi la 8, inaingia kichwani bila kukariri ukurasa mmoja.

Sheria nayo inakubali sana. Chukua Code du travail yetu, yaani sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. "Mfanyakazi ana mkataba wa muda usiojulikana, ana miaka 4 kamili kazini, mwajiri anamwachisha. Preavi (muda wa taarifa kabla ya kuondoka) ni siku ngapi?" Kimya. Siku 14 za kazi, jumlisha 7 kwa kila mwaka kamili, 14 na 28, ni 42. "Zinaanza kuhesabiwa lini?" Kesho yake baada ya taarifa. Maswali kama hayo unaweza kutunga ishirini kwa jioni moja. Na kutunga kwenyewe ni kusoma. Kuna sura nilizozijua kabla sijazisikiliza hata mara moja, kwa sababu huwezi kuuliza swali zuri juu ya jambo usiloelewa.

Swali na jibu viweke kwa Kifaransa, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kifaransa na utataka maneno yenyewe ya sheria. Lakini ile sentensi ya sababu iseme kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mdogo wako mezani mbele ya bukari (ugali). Ukishindwa kuisema hivyo, jua hujaielewa, hata kama Kifaransa chako kinateleza.

Na rekodi kwa sauti yako mwenyewe. Najua hakuna anayependa kujisikia. Programu za simu zinazosoma maandishi kwa sauti zipo, na sauti ya Kifaransa ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Nimezitumia kwa maandishi marefu ya utangulizi. Zina kasoro zao: jedwali zinalisoma mstari kwa mstari mpaka halina maana, silabusi iliyopigwa picha haziioni kabisa, na sauti ya Ufaransa itakutajia "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix" wakati wewe tangu shule ya msingi 70 na 90 ni septante na nonante. Kwa namba za akaunti zinazopita haraka, huo ni usumbufu.

Kuna kozi za kuacha nyumbani. Takwimu, hisabati za fedha, chochote chenye grafu: ndani ya gari utapata maana za maneno tu. Unaweza kujiuliza mediani ni nini na inatofautianaje na wastani, sawa. Lakini kuhesabu kunataka karatasi. Kozi hizo zitafutie Jumamosi na meza, usizidanganye.

Vifaa ni rahisi kuliko wanavyokuambia. Huhitaji simu ya bei. Simu ya vitufe yenye kadi ya memori inatosha, tena betri yake inakaa, na mwizi haitamani. Ukiweza kuchagua ubora wa kurekodi, chukua mono, kilobiti 32 kwa sekunde: saa moja ya sauti ni kama megabaiti 14, hivyo kadi ya giga 1 inabeba zaidi ya saa 60. Kwa wenzako tuma kwa Bluetooth, usile mega za intaneti bure. Faili zipe majina yanayoeleweka, namba ya sura kwanza, la sivyo asubuhi utakuwa unabonyezabonyeza gizani. Na ziwe fupi, dakika saba au nane, kwa sababu njiani kuna kukatizwa: nauli, kizuizi, mama anayeomba umshikie mtoto.

Kuhusu masikio, tumia upande mmoja tu. Unahitaji kusikia kituo chako, na unahitaji kusikia watu wanasema nini barabara ikifungwa. Gari likipiga kelele usishindane nalo kwa kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na ndani ya Hiace ya zamani ikiwa mlimani, sauti ya kuishinda injini inapita hapo kirahisi. Ikiwa ni kelele, funga, jiulize maswali ya jana bila simu. Simu ikae mfuko wa ndani, hasa ukiwa dirishani. Ukiwa juu ya pikipiki, usisikilize chochote. Na kama siku moja utaendesha gari lako, sikiliza habari. Haya ya kutafuta majibu yanakuondoa barabarani.

Kurudi jioni usijidai. Mimi jioni nilikuwa nalala kuanzia tunapotoka Kasumbalesa, na sioni aibu. Kama una nguvu, rudia yale tu yaliyokushinda asubuhi. Mapya hayaingii.

Jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja kati ya waliokujibu: ruhusa. Kama utarekodi darasani, mwombe profesa au asistanti kwanza. Wengi wanakubali ukisema ni kwa matumizi yako. Lakini sauti yake na silabusi yake si vya kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na najua promosheni moja (wanafunzi wa mwaka mmoja) ambamo mchezo huo ulileta maneno mabaya sana wakati wa deliberasheni, yaani kikao cha walimu cha kuamua matokeo. Rekodi za maswali uliyoyatunga mwenyewe hazina shida hiyo, gawa upendavyo.

Anza na kozi moja tu muhula huu, yenye maneno mengi na hesabu chache. Kwa uchumi mwaka wa kwanza ningechagua sheria au uhasibu wa jumla, nisiguse mikroekonomia mpaka mazoea yakae. Na uangalie kama kuna mwenzako wa promosheni anayepanda upande wa Kipushi. Mkipatana kukaa kiti kimoja, mmoja anauliza na mwingine anajibu, hapo hata simu haina kazi. Abiria wengine wataingilia, jiandae. Kasumbalesa tulikuwa na mzee mmoja muuza mafuta ya kupikia, hakuwahi kukaa darasa la uhasibu, lakini kwenye maswali ya TVA alikuwa anatushinda.