Kuhamisha Nyuzi za Gitaa la Besi kutoka E hadi D Bila Kuvuruga Wimbo

Katika kwaya ninayoipigia gitaa la besi, nyimbo nyingi ziko kwenye ufunguo wa D, na ndiyo maana nilianza kuushusha uzi mnene kutoka E hadi D, ili nipate ile sauti ya chini ambayo gitaa la nyuzi nne lililotyuniwa kwa kawaida, yaani E, A, D na G, haliwezi kuitoa. Vijana wanaojifunza huniuliza namna ya kuhama hivyo katikati ya ibada, nami huanza kwa kuwaeleza kosa nililolifanya kwenye harusi moja. Tulikuwa tumemaliza wimbo wa D, tukaunganisha moja kwa moja na wimbo wa G huku maharusi wakiendelea kutembea kuelekea mbele. Mkono wangu ukaenda freti ya 3 (freti ni vile vyuma vilivyopangwa kwenye shingo ya gitaa) ya uzi mnene, mahali G inapokaa siku zote, lakini kwa kuwa nilisahau kuurudisha uzi, ikatoka F. Waimbaji wa sauti ya nne, ambao hunitegemea mimi, waliyumba kwa mistari miwili mpaka nilipoikuta G kwenye freti ya 5. Niliumia sana, kwa sababu maharusi hawaingii mara mbili.

Baadaye nilitambua kwamba mambo ya kujifunza upya si mengi. Kuanzia A kwenda juu, noti zote zinapatikana kwenye nyuzi tatu ambazo hazijaguswa, kwa hiyo zinazohama ni tano tu: E inakuwa freti ya 2 ya uzi mnene, F ya 3, F shapu ya 4, G ya 5 na G shapu ya 6. Zipige hizo tano polepole kila siku, ukizitaja kwa mdomo, mpaka vidole vizizoee.

Linalosahaulika zaidi ni mkazo wa uzi. E ya chini hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde na D takriban mara 37, na kushuka huko kunapunguza mkazo kwa karibu moja ya tano, ndiyo maana uzi unalegea, unagonga freti, na ukiukwanyua kwa nguvu noti inaanza juu kidogo kabla ya kutulia mahali pake. Mimi napiga kwa mkono mwepesi zaidi, na nimefunga uzi mnene zaidi, wa 105 badala ya 100 (unene kwa elfu za inchi), baada ya fundi kuhakikisha kuwa unakaa vizuri kwenye mfereji wake kule kichwani.

Unaposhusha, usiishie kwenye D. Pitiliza kidogo chini yake, uvute uzi taratibu kwa vidole, kisha upandishe hadi D, kwa maana uzi ulioshushwa tu hubaki umenasa kwenye mfereji na utashuka tena katikati ya ubeti wa kwanza. Kama huna tyuna, yaani kifaa cha kupimia noti, gusa uzi mnene kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, uukwanyue, kisha ulinganishe na uzi wa tatu ukihesabu kuanzia ule mnene, yaani D ya kawaida, ukiwa wazi: sauti hizo mbili zikipishana utasikia mawimbi, yaani sauti ikivuma kwa kupanda na kushuka, nayo yatapungua kasi kadiri unavyokaribia, hadi yatakapokwisha kabisa.

Kushusha nyuzi zote nne nusu toni kwa ajili ya mwimbaji aliyeamka na koo bovu, sikushauri ufanye wakati ibada inaendelea. Ni afadhali uhamishe mkono freti moja. Mwenye uwezo anunue gitaa la nyuzi tano, ambalo D ile ya chini iko freti ya 3 ya uzi wa B, au kigingi cha kukazia uzi cha Xtender kinachotengenezwa na Hipshot, chenye mkono mdogo unaoushusha uzi mara moja.

Sisi wengine tunategemea mpangilio. Jumamosi jioni huketi na mwalimu wa kwaya tukaziweka nyimbo za D pamoja, na uzi naurudisha wakati wa matangazo. Kwenye karatasi yangu huandika kwa kalamu nyekundu, mbele ya kila wimbo, hali ya uzi mnene, na kabla hatujaanza naukwanyua mara moja kwa sauti ya chini, nikiusikiliza.