Wasomaji Wauliza: Rodriguez kweli alikuwa hajui kama ni staa?

SUALI: Asalaam aleikum bibi mhariri. Mie msomaji wenu wa Wete. Juzi mdogo wangu kaniletea kwenye flashi filamu ya Searching for Sugar Man, ya Rodriguez wa Detroit, santuri zake kwao Marekani zikadoda, kumbe Afrika Kusini ni staa mkubwa na watu wanajua keshakufa. Ni kweli au wametutungia? Na pesa kala nani? Nauliza kwa sababu ami yangu alirikodi taarabu zamani, kanda zikauzwa mpaka Omani, yeye hajaona hata shilingi.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kweli, ila si yote. Sixto Rodriguez alitoa albamu 2, mwaka 1970 na 1971, hazikununuliwa, kampuni ikamuacha, akaenda zake kufanya kazi za kubomoa na kukarabati nyumba. Huku Afrika Kusini vijana wa kizungu waliochoshwa na ubaguzi wanakopiana kwenye kanda, na nchi ile wakati huo vikwazo kila upande, habari haziingii wala hazitoki, ndo uvumi wa kuwa kajiua jukwaani ukaenea. Mie paliponiganda ni pale maktaba ya redio, santuri yake imekwaruzwa kwa kitu cha ncha, pale penye nyimbo iliyopigwa marufuku na serikali tu, ili isipigike tena. Yaani mtu kakaa kitako kaifanya kazi hiyo!

Walichokiacha wenye filamu ni Australia. Kule alikuwa na mashabiki wake na akaenda kupiga 1979 na 1981, sasa kumuonesha kama hajawahi kujulikana pahala si haki, na sikupenda, kisa kilikuwa kinatosha bila ya kukatwa. Afrika Kusini ndo hakujua, mpaka binti yake akakuta habari zake kwenye intaneti, na 1998 akapanda jukwaani Cape Town watu wamefurika.

Pesa ndo inaniuma hasa. Mwenye kampuni ya zamani kuulizwa tu akaja juu, na filamu imekwisha jibu halijapatikana. Rodriguez amefariki 2023, na nyumba yake ya Detroit aliinunua kwa dola 50 kwenye mnada.

Kwa hiyo ami yako muulize leo, alisaini nini, na nani, karatasi iko wapi, nani walipiga nae siku ile, uandike majina yote angali anayakumbuka, kisha umchukue na hizo kanda mwende COSOZA, ofisi ya hakimiliki, wawaambie haki yake imesimama wapi. Na zile kanda msimpe mtu bila ya kuzikopi kwanza.