Posta ya Wajerumani ihifadhi na barua zetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni jengo gani dogo la mjini kwenu lenye historia kubwa, na lifanyiwe nini?" Langu ni ile nyumba ya Usita wa Mui, hapa Lamu, inayojulikana kama Posta ya Wajerumani. Siku hizi ni makumbusho.

Posta ilifunguliwa hapo tarehe 22 Novemba 1888, ikawa ya kwanza ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam na Bagamoyo zilipata zao mwaka 1890. Tena Lamu haikuwa ya Wajerumani. Ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kisa ni Witu, usultani mdogo jirani yetu. Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, alikuwa wa ukoo wa Manabahani, watawala wa zamani wa kisiwa cha Pate, na hakutaka kutawaliwa na Zanzibar. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kwake, na Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Lakini Witu iko bara, na mji wa bandari uliokuwa karibu ni wetu. Ndiyo sababu posta ikawekwa hapa.

Haikukaa sana. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliwaachia Waingereza Witu na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wao, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakushauriwa. Kabla mwaka haujaisha mji wao ulichomwa na majeshi ya Uingereza, na tarehe 31 Machi 1891 posta ya Lamu ikafungwa. Mimi naona habari hii ya Witu ndiyo ingepaswa kutangulia pale mlangoni, mbele ya picha za Wazungu.

Stempu zilizotumika zilikuwa zile zile za Ujerumani. Kinachoonyesha kwamba barua ilitoka huku ni muhuri wenye jina la Lamu, na kwa ajili ya muhuri huo wakusanyaji wa Ulaya huzitafuta sana bahasha hizo.

Basi na barua zetu nani anazitafuta? Watu wa pwani hii walikuwa wakiandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya 1888. Barua alikabidhiwa nahodha au msafiri anayeaminika, naye akaifikisha mkononi mwa mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za vita vya Shela, Lamu ilipopigana na Mombasa na Pate, washairi wa Lamu na Mombasa walijibizana kwa mashairi kuvuka bahari. Hiyo nayo ni posta, na ndiyo iliyotulea.

Nyumba yenyewe itunzwe kwa ufundi wa hapa: mawe ya matumbawe, boriti na chokaa. Kuta za namna hii zikipakwa saruji, chumvi na unyevu hufungika ndani, na ukuta huanza kuliwa. Mafundi wa chokaa bado tunao, waitwe wao.

Kisha makumbusho yatangaze, misikitini na mabarazani, kwamba mwenye barua za mababu sandukuni azilete zipigwe picha na kusomwa na wanaozijua herufi, halafu arudi nazo nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Nakala zitundikwe humo humo, kando ya muhuri wa Mjerumani.

Msomaji wenu, Langoni, Lamu