Muulize Nesi: Mama amevunjika mkono, nimpe supu ya makongoro?

SWALI: Shikamoo Nesi. Mama yangu ana miaka 71, naishi naye hapa Igoma, Mwanza. Juzijuzi aliteleza uani akianika nguo, akavunjika mkono karibu na kiganja. Amefungwa hogo. Majirani wananisisitiza nimpe supu ya makongoro kila siku ili mfupa uunge haraka. Bei inanishinda. Yeye mwenyewe siku hizi anakula kidogo tu: chai ya rangi asubuhi, halafu ugali wa udaga (unga wa muhogo) na mlenda, mchana na jioni. Nifanyeje? – Binti wa Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na umpe mama pole nyingi.

Kwa makongoro usijitese. Supu ile ni tamu, lakini kalsiamu haitoki mfupani kwa kuchemshwa tu. Nyingi hubaki kwenye mfupa, nao mfupa tunautupa. Unayoitafuta iko mwaloni Kirumba, kwenye dagaa. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana kwa jambo hili anaushinda mnofu wa sangara, ingawa sangara ndiye tunayemwandalia mgeni. Usiwakate vichwa, tafadhali. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaange bila mafuta wakauke, na kama meno ya mama yamepungua, watwange. Unga huo uunge na nyanya, kitunguu na karanga za kusaga, au mtilie kwenye mlenda wake huohuo. Chumvi kidogo tu, kwa sababu ikizidi kalsiamu hupotea kwenye mkojo.

Mwanamke wa umri wake anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mtindi humpa karibu 300. Basi asubuhi apate uji wa ulezi wenye maziwa badala ya chai ya rangi. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni udaga mara mbili kwa siku. Muhogo hauna protini ya maana, na mfupa haujengwi kwa kalsiamu peke yake. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta mzee amepewa mchuzi, mnofu umekwenda kwa wengine, eti mzee hahitaji kula sana. Si kweli, na inaniuma. Anahitaji samaki, maharage, yai, kila mlo kitu kimojawapo, hata kama ni kidogo.

Jua pia. Asubuhi likishapanda akae nje nusu saa, mikono na miguu wazi, ngozi itengeneze vitamini D. Umri ukienda ngozi huitengeneza kwa shida, kwa hiyo asifichwe ndani kwa sababu ya hogo.

Sasa sikiliza hili. Mtu aliyeanguka kwa kimo chake mwenyewe, akavunjika, huenda mifupa yake ilishadhoofika kabla. Hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa hupungua nayo. Siku ya kutoa hogo mwambie daktari aangalie mifupa yenyewe, si mkono tu, na mtajie dawa zote anazomeza, hasa prednisolone, ambayo hudhoofisha mifupa, kama amewahi kuitumia kwa muda mrefu. Zipo dawa za kuimarisha mifupa. Ziulizie sasa, kabla hajaanguka tena akavunjika nyonga. Vidonge vya kalsiamu usimnunulie dukani bila daktari kujua, hasa kama ana shida ya figo.