Jibu: Kukata na kutuma vipande wakati kurekodi kunaendelea

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kukata goli na kulituma kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki kabla mechi ya Uwanja wa Jamhuri haijaisha, bila kusimamisha rekodi. Inawezekana kabisa, na kwa OBS Studio, programu ya kompyuta ya kurekodi video, hutalipia chochote.

Washa hifadhi ya marudio (Replay Buffer), ambayo hutunza sekunde za mwisho, tuseme 30, katika kumbukumbu ya kompyuta; goli likishaingia, unabonyeza kitufe ulichokiteua na sekunde hizo zinaandikwa kuwa faili linalojitegemea, huku rekodi kuu ikiendelea. Mimi hubonyeza wachezaji wakishamaliza kushangilia, kwa sababu ukibonyeza wakati mpira ndio kwanza umegusa wavu utakosa shangwe, na shangwe ndiyo watu wanayoitaka.

Kwa matukio utakayoyahariri baadaye, toleo la 30.2 la OBS la mwaka 2024 lilileta muundo wa faili la video uitwao Hybrid MP4, unaokuwezesha kuweka kwa kitufe alama za sura (chapter), yaani alama zinazoonyesha tukio liko wapi ndani ya rekodi. Muundo huo, kama ulivyo MKV (aina nyingine ya faili la video), hauachi faili zima liharibike umeme ukikatika. MP4 ya kawaida iliwahi kuniangusha hapa Dodoma katikati ya sherehe ya kipaimara, nikabaki na faili lisilofunguka, na familia ile sikuwa na la kuiambia.

Unapotuma, chagua kutuma kama hati, ili WhatsApp isiibane picha ikapoteza ung'avu. Ila wafikirie wenye bando dogo: punguza kwanza ubora wa kipande hadi 720p, ili faili liwe dogo.